Mkono Uliotia Sinduri

Bhowanipore, Kalkata
Mwanzoni mwa mwezi wa Joishtho

Mpenzi dada yangu Supriti,

Huyo aliyekwambia kwamba alimwona hakukosea. Ni yeye hasa, shemeji yako. Lile fungu la mchicha alilolikumbatia kwapani ni kweli, na ule mlango wa bati kule mtaa wa wakimbizi ni kweli, na mwanamke aliyemfungulia, mwenye unga mwekundu wa sinduri kichwani na bangili nyeupe za kombe mikononi kama mke yeyote wa ndoa, naye ni kweli. Nilisoma barua yako nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaisukuma chini ya pipa la mchele kama mwizi. Lakini kabla hujamwambia Baba neno lolote, nakusihi kwa ziwa moja tulilonyonya, nisome mpaka mwisho.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa, usije ukasema ndoa imeninyang'anya adabu. U hali gani, dada yangu? Kifua cha Baba kinaendeleaje na vumbi la joto hili? Bado anakohoa anapowasomea wanafunzi wake kwa sauti? Mguse miguu kwa niaba yangu. Mimi ni mzima wa afya, ila joto la Kalkata linakausha hata mate, na barabara ya tramu inalainika mchana kiasi cha kuvua watu viatu. Mama mkwe hajambo. Amekubali sasa kwamba najua kupika dengu, baada ya kunifundisha kuongeza sukari ambayo nilikuwa tayari nimeiweka.

Umeniuliza kama nina furaha. Dada, nina furaha mpaka naona haya. Jina lake siwezi kulitaja, mke hamtaji mumewe kwa jina, na hata kwa kalamu mkono unakataa, basi nitamwita Yeye, na kila uonapo neno hilo ujue moyo wangu umedunda. Akirudi kutoka studio Taliganj, vidole vyake vinanuka ile dawa ya kuungia filamu, nami nimeshazoea kuipenda kuliko manukato. Kazi yake, Dada, ni ya ajabu. Anakata kilio cha mtu pale kinapozidi, anakiunga na mvua iliyonyesha siku nyingine kabisa, nasi tuliokaa gizani tunaamini kwamba mbingu ililia naye.

Jioni tunapanda juu ya paa kutafuta upepo, ananisimulia habari za sinema kama wengine wanavyosimulia ukoo wao. Ananiambia kwamba zamani, picha zilipokuwa hazisemi, hakuna binti wa Kibengali wa nyumba njema aliyekubali kusimama mbele ya kamera, kwa hiyo mabibi machotara wa Kizungu walivishwa sari wakapewa majina ya miungu wetu wa kike. Sauti ilipoingia, midomo yao wenyewe ikawafukuza kazi, maana Kibengali hawakukijua. Kisha nchi ikagawanywa, majumba mengi ya sinema yakabaki ng'ambo ya mpaka, na watazamaji wake wakaja huku bila viti, wakasimama kwenye malango ya studio kuomba kazi ya kuwa umati. Ndiyo maana, anasema, katika picha zetu umati ukiambiwa ulie hauhitaji kufundishwa. Nilimwuliza kwa nini picha za Bombay zina ngoma na bunduki, na zetu zina mtu anayetazama dirishani mvua ikinyesha. Akacheka. Akasema Mbengali hukata tiketi ili alie, kisha ajadili kilio chake wiki nzima mbele ya chai, na tena kabla hajaingia ameshasoma kitabu chenyewe, amekuja tu kumkamata mwongozaji kwa makosa.

Utanilaumu kwa kumpenda mtu wa namna hiyo?

Hata hivyo, Dada, jua kwamba barua yako haikunikuta nimelala. Wasiwasi ulikuwa umeshaniingia tangu wiki ya pili ya ndoa, kwa njia ya pua. Kila Jumamosi alasiri Yeye alikuwa akitoka, akisema anakwenda studio. Siku nyingine huenda kwa suruali, maana shuka la dhoti na mashine ya filamu haviivani. Jumamosi huvaa dhoti iliyokunjwa marinda mbele, kama mtu aendaye kwa wakwe. Na akirudi, shati lake linanuka samaki mkavu.

Wewe unajua nyumba zetu. Baba angeshinda njaa kuliko kula samaki mkavu, na mama mkwe wangu ndivyo alivyo. Hicho ni chakula cha watu wa ng'ambo ya mto Padma, nao hukipika kwa vitunguu na pilipili mpaka jirani wa tatu anapiga chafya. Nilimwuliza Yeye, akasema ni mgahawa wa studio. Lakini alikuwa amekwisha kuniambia mwenyewe, siku nyingine akinichekesha, kwamba mpishi wa studio ni mtu wa Orisha anayechemsha kila kitu kwa maji matupu.

Jambo la pili lilikuwa mama mkwe. Mwanamke huyu hafui hata leso yake, lakini Jumamosi jioni anakuwa wa kwanza kulichukua lile shati, analizamisha kwenye ndoo kabla sijalifikia. Siku moja nilimkuta nalo, nikanyoosha mkono. Akalivuta. Akaniambia, "Usinuse-nuse kila kitu, mwanangu. Pua itakuzeesha."

Basi nikaanza kuchunguza, naye kadiri alivyozidi kunipenda ndivyo nilivyozidi kumshuku. Akiniletea ua la nywele, najiuliza kama alinunua mawili. Akiniimbia, najiuliza nani mwingine anaujua wimbo huo. Nilimtazama akilala, Dada, uso kama wa mtoto, nikawaza kwamba mtu ambaye kazi yake ni kuunga vipande viwili visivyojuana, na mtazamaji asione mshono, huyo hashindwi kuunga nyumba mbili.

Ndipo barua yako ikafika. Siku ya pili yake, Yeye akiwa kazini, nilimwambia mama mkwe nakwenda kununua nyuzi. Nilipanda tramu mpaka inapoishia, kisha nikatembea. Mtaa wenyewe ni wa mabati na mianzi, umejaa migomba, na kila paa lina mboga iliyotambaa. Kwenye pampu ya maji palikuwa na wanawake na ndoo zao. Jina la niliyemtafuta sikulijua, nikauliza nyumba ya yule anayetembelewa na mtu wa sinema.

Hawakuniacha nimalize. Mmoja mnene akasema, ah, mke wa mkata picha, nyumba ya mwisho, ile yenye maboga. Akasema yule mume ni mume kweli, kila Jumamosi haji mikono mitupu, wakati wa kwake yeye siku njema ni ile anayokuja kwa miguu yake, maana siku nyingine huja amebebwa. Wakacheka. Mwingine, mwembamba mwenye jicho kali, akasema mume gani huyo asiyelala. Anakunywa chai barazani, kila mtu amwone, na kabla taa hazijawashwa ameshaondoka. Studio gani hiyo inayopiga picha kila usiku? Mnene akamjibu kwamba yeye wake analala kila siku, na bado ana watoto tu na makofi. Kisha wote wakanigeukia wakitaka kujua mimi ni nani wake.

Dada, sijui neno lilitoka wapi. Nilisema, "Mimi ni wifi yake."

Wakanisindikiza mpaka mlangoni kwa furaha, wakimwita kwa sauti, Bibha, Bibha, umepata mgeni wa ukweni.

Alifungua akiwa na sindano mdomoni. Anafundisha wasichana kushona. Si mzuri, nakuambia ukweli, na ni mkubwa kuliko mimi. Ana nywele, lakini; nywele ndefu nzito, na katikati yake mstari mwekundu wa sinduri, mpana, uliotiwa kwa uangalifu. Alitazama sinduri kichwani mwangu, kisha bangili mikononi mwangu, akajua mimi ni nani. Akaondoa sindano mdomoni. Mbele ya wale wanawake akainama akanigusa miguu, kama mke anavyomgusa dada mkubwa wa mume, akanikaribisha ndani, akafunga mlango.

Ndani akaniambia polepole kwamba alijua siku moja ningekuja, na kwamba alikuwa amemwomba Yeye aniambie kabla ya harusi, Yeye akaogopa Baba yetu. Aliniletea maji na kipande cha halua. Sikugusa. Kisha akasimulia, nami nakusimulia wewe kama nilivyosikia.

Unaikumbuka ile picha ya harusi katika mvua, tuliyoitazama Krishnanagar tukiwa roshani ya wanawake, wewe umeficha karanga kwenye ncha ya sari? Unakumbuka bwana arusi anapotia sinduri? Mkono unatokea peke yake, mkubwa kama ukuta mzima, vidole vinatetemeka, unapita katika njia ya nywele, na unga kidogo unaanguka juu ya pua ya bibi arusi, dalili kwamba mumewe atampenda mno. Tulilia, Dada. Mimi nilikwenda kuiona tena na tena, na nikaomba, Mungu anisamehe, nipate mkono kama ule.

Mkono ule haukuwa wa yule mwigizaji. Ulikuwa wake Yeye. Na nywele zile hazikuwa za yule bibi mashuhuri. Zilikuwa za Bibha.

Katika studio, Bibha alisema, harusi ya picha ina desturi zake. Mpambaji ndiye anayemtia mwigizaji unga kichwani, si bwana arusi, na unga wenyewe si sinduri bali vumbi la tofali, maana katika picha isiyo na rangi nani atajua? Na kuhani wa kuigiza humeza baadhi ya maneno, asije akaozesha watu kwa bahati mbaya. Lakini mwongozaji wa picha ile alikuwa kijana wa mtindo mpya, wa wale wanaotaka mvua iwe mvua na machozi yawe machozi. Alitaka moto wa kweli, kuhani wa kweli na sinduri ya kweli. Mama wa yule bibi mashuhuri, ambaye hukaa studio na kijaluba chake cha tambuu akimlinda binti, akasema hakuna mwanamume atakayetia sinduri kichwani mwa mwanawe asiyeolewa, hata dunia ipinduke. Mwisho wakamvuta msichana mmoja kutoka kwenye umati, kwa sababu ya nywele zake, na msaidizi wa chumba cha kukatia filamu, kwa sababu ya vidole vyake. Kuhani akasoma. Hakumeza neno.

Picha ikapigwa, watu wakaenda kula. Bomba la studio siku hiyo halikuwa na maji, kwa hiyo Bibha alirudi mtaani na sinduri ile kichwani. Alikuwa amebaki peke yake. Mama yake alikwisha kufa, na kila siku giza likiingia wanaume walikuwa wakigonga lile bati, wengine kwa maneno matamu, wengine kwa mateke. Siku hiyo hakugonga mtu. Asubuhi akachota maji ya kujiosha, akayatazama, akayamwagia maboga.

Jirani wakataka kumwona mume. Akaenda kusimama kwenye lango la studio, akamwomba Yeye aje mara moja tu, akae barazani anywe chai watu wamwone. Mara moja ikawa kila Jumamosi.

Nilisikiliza, Dada, na sehemu ya moyo wangu ililia, na sehemu nyingine ilikuwa imekaa pembeni ikichunguza kama polisi. Maana hadithi ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na mvua, na yatima, na kuhani. Mtu wa sinema angeweza kuikata na kuiunga vizuri hivyo. Nikakumbuka pia harusi yangu. Ulikuwapo. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na puani mwangu halikuanguka vumbi lolote. Mkono wa mtu aliyekwisha kufanya jambo hilo.

Nikamwambia, kama huyu si mume wako, mtaje jina.

Alijua ninachotaka. Akasogea mbali na ukuta wa jirani, akalitaja kwa sauti ndogo, lote zima. Akalirudia, kama mwanafunzi anayesoma ubaoni. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikawaza kwamba mtu aliyelipwa kuigiza anaweza kutaja jina lolote.

Nadhani aliona usoni. Aliinuka, akachukua kitambaa, akakichovya kwenye mtungi, akakikamua. Akasema, "Umekuja kuchukua kilicho chako, dada. Chukua." Na akakiinua kitambaa kile mpaka kwenye njia ya nywele.

Sasa haya ndiyo ninayotaka kukuungamia, na usimsomee mtu mwingine sehemu hii. Nilimrukia nikamshika mkono. Nilimshika kwa nguvu hata bangili yake moja ya kombe ikagonga yangu, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Usifute. Yu hai."

Mwanamke hufuta sinduri kwa ajili ya maiti ya mumewe, Dada. Ningewezaje kukaa pale nikimtazama mwanamke akimfuta mume wangu, Jumatano, saa ya mchana, Yeye akiwa Taliganj anakata filamu karibu na mashine na umeme? Lakini mkono wangu ulipokuwa bado umeshika wake, nilielewa nilichokifanya. Kama sinduri ile ilikuwa ya kuigiza, kuifuta kusingemdhuru mtu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshuhudia kwamba ni ya kweli. Bibha naye alielewa. Tulibaki tumeshikana hivyo, maji ya kitambaa yakitudondokea miguuni, na nilipomtazama sikuweza kujua kama alikuwa tayari kufuta kweli, au alijua tangu mwanzo kwamba ningemzuia.

Mpaka leo sijui.

Jioni nilimweleza Yeye nilikokwenda. Alikaa chini sakafuni. Alisimulia yote, nayo yalilingana na ya Bibha neno kwa neno, jambo ambalo lilinituliza na kunisumbua kwa kiasi kilekile. Aliapa kwa kichwa changu kwamba hajavuka kizingiti cha ndani. Nikamwuliza kwa nini mkono wake ulitetemeka kwenye picha na haukutetemeka kwangu. Akasema siku ile alikuwa anaogopa taa na watu, na siku ya harusi yetu alikuwa haogopi kitu. Dada, si jibu zuri hilo? Nimeligeuza kila upande na sijaona mshono.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia muda wote. Aliingia akasema kuhani yule alikuwa kuhani wa nyumba hii hii, mtu anayeogopa miungu kuliko kamera, na tangu siku aliyomweleza, mama mkwe hajalala vizuri. Akaniambia, "Mimi sinema siijui, mwanangu. Maneno ya kuhani nayajua." Kisha akaenda kukaanga samaki, akanipa kichwa, kipande cha heshima.

Basi nimeamua mimi, kwa kuwa wao wawili walikuwa wakitazamana tu kama picha iliyokwama kwenye mashine. Jumamosi zimekwisha. Mume wa Bibha amepata kazi Bombay. Nani atashangaa? Nusu ya watu wa studio wamekwisha kwenda huko, waunga filamu, wapiga tabla, hata mpambaji. Yeye alikwenda mara ya mwisho akaaga, na mimi nikaenda naye, wifi mwenye huzuni. Wanawake wa pampu walilia kuliko Bibha. Yule mwembamba mwenye jicho kali aliniambia sikioni kwamba alijua tangu zamani, wanaume wazuri wote huishia Bombay.

Lakini mume aliye mbali lazima aandike, la sivyo mabati yataanza kugongwa tena. Na Yeye hawezi kuandika barua, anaandika kama anavyokata, maneno manne na nukta. Kwa hiyo naandika mimi, na rafiki yake aliyeko huko anazitia posta. Nimeshaandika ya kwanza. Nimesema vyumba vya Bombay ni vidogo, samaki wao wana chumvi, na kwamba anakumbuka maboga ya juu ya paa. Niliifuta sentensi moja kuhusu nywele zake, kisha nikairudisha, maana jirani watasomewa na lazima waamini. Nililia nilipoirudisha. Sijui nilimlilia nani. Mume huyo wa Bombay nimemfanya mpole, mwenye afya njema na kazi nyingi. Kurudi hatarudi, nimemkataza. Na kumwua siwezi, unajua kwa nini.

Usimwambie Baba. Mwambie tu aliyemwona alimwona akimpelekea mboga mtu aliyefanya naye kazi, na hilo si uongo. Sikukuu ya wakwe inakaribia, na Yeye hajawahi kukaa mbele ya sahani ya Mama kama mkwe mpya. Mwambie Mama atengeneze vitamu vya sarpuria kwa wingi, na asimpe samaki mkavu hata kwa mzaha. Nawe ukae mbele yake, umtazame vizuri anapokula, anapocheka na anaponyamaza, kwa jicho lako lile la kuchagua mchele. Kisha univute pembeni uniambie ulichokiona, chochote kile. Mimi nampenda mno, siwezi tena kuona.

Busu kwa mtoto wako, na heshima zangu kwa wakubwa wote wa nyumba. Tutapanda treni ya asubuhi kutoka Sealdah, nami nitavaa ile sari nyekundu uliyonipa. Kabla Joishtho haijaisha tutakuwa mlangoni kwenu, mimi na Yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Ketaki